Kidole Kimoja Kimoja

Karani alifunua pedi ya wino, na Zamda akaficha mikono yote miwili kwapani.

Ngwali, baba yake, alijua kinachofuata. Binti yake ana usonji, na havumilii kitu cha kunata vidoleni, hata uji. Lakini ametimiza miaka kumi na minane, na kiwanda cha mikate hakimchukui bila kitambulisho.

"Mzee, mshike mkono tumalize," karani alisema. "Foleni imefika barabarani."

Ngwali akanyoosha mkono. Ndivyo alivyomshika miaka yote, kwa sindano, kwa kinyozi, hata kwa viatu vipya.

"Usinishike, baba. Ngoja."

Zamda akaenda ukutani, akabana viganja na paji la uso kwenye saruji baridi, akaanza kuvuma kama nyuki. Watu wakacheka.

"Mtoto kapandisha mashetani!" mwanamke mmoja alisema.

"Anajituliza," Ngwali akamjibu. "Wewe ukikasirika unatukana. Yeye anavuma. Nani ana nafuu?"

Akautia mkono mfukoni, ingawa ulimwasha kwenda kumshika.

Mvumo ukakoma. Zamda akarudi mezani na kutoa kidole gumba.

"Kimoja kimoja," alimwambia karani. "Na mimi ndiye nitakayesema kingine lini."

Karani akamgeukia Ngwali.

"Usiniangalie mimi. Kitambulisho ni chake."

Kwenye kidole cha nne Zamda alifumba macho. Karani akatulia na pedi yake, na foleni nzima ikamngoja aseme.