Uso Uliovuka Maji

"Nipe adhabu yoyote, Mwalimu, lakini mbele ya watu sisimami," alisema Pancras, na wala hakuwa ameombwa jambo kubwa. Kusimama tu.

Mwalimu Nathanaeli alicheka. Pancras alikuwa mkimbizi, kavuka Ruvuma mwaka uliopita kukimbia vita vya Mreno, akapanda huku Newala hana hata shati. Mwalimu ndiye aliyempokea, akampa kazi ya kuitekea shule maji kule bondeni. Mtu mkimya, mchapakazi. Aliteremka alfajiri kabla wanawake hawajaamka, na ngomani hakanyagi. Mwalimu alijiambia kwamba ni haya tu zilizomzidi.

Lakini Jumamosi iliyokuwa inakuja haikuwa siku ya kuona haya. Afisa Elimu alikuwa anakuja kuamua kama Mwalimu Nathanaeli aendelee kufundisha au afukuzwe. Kosa lake? Aliwaambia watoto kwamba Waafrika walifika Amerika kabla ya Kolumbasi. Mwalimu mkuu alimwita mpayukaji. Walimu wenzake walimwita Baharia, yeye Mgogo wa Dodoma, ambaye bahari aliiona akiwa na ndevu tayari. Ilimuuma, jamani, ilimuuma hadi chakula kikawa hakipiti.

Na ushahidi alikuwa nao! Katika jarida moja kuukuu mlikuwa na picha ya kichwa kikubwa cha jiwe kilichofukuliwa Meksiko: pua pana, midomo minene, kofia ngumu iliyobana hadi kwenye nyusi. Nani huyo kama si mtu wetu? Basi siku alipopita kwenye makazi ya wakimbizi, akamkuta Mzee Benedikto, mchongaji wa Kimakonde, amepakata kinyago cha kuvaa kichwani, nusura apige yowe. Pua ile. Midomo ile. Kofia ile ile!

"Shikamoo, Mzee. Sura hii mmeitoa wapi?"

"Marahaba. Kwetu, ng'ambo."

"Ni ya zamani?"

"Sisi hatuisahau," mzee alijibu. "Tunaicheza kila kijiji tunachofika, ili na watoto waijue."

Mwalimu machozi yalimlengalenga. Kumbukumbu ya mababu, inachezwa kizazi hata kizazi! Akaomba kukiazima. Alijua Wamakonde wana miiko yao, kwamba kinyago cha namna hii hakianikwi hadharani wanawake wakikitazama, kwa hiyo aliomba kwa adabu, akitegemea kukataliwa.

"Hiki chukua," alisema Benedikto. "Kila mtu akione. Wanawake hasa."

Kilichobaki kilikuwa mtu hai wa kusimama pembeni yake, ili hata mbishi aone kwamba uso wa Meksiko bado unatembea huku kwetu. Na Pancras, kiumbe wa Mungu, uso huo alikuwa nao mzima mzima.

"Umekula kwangu mwaka mzima," mwalimu alimwambia sasa. "Leo nina shida, unanipa kisogo?"

"Wakimbizi watakuwepo?"

"Wote. Si ndugu zako hao? Unaogopa nini?"

Mke wa mwalimu, Mama Cecil, aliacha kutwanga.

"Baba Cecil, mwache. Mtu mzima akikataa, ana lake."

"Basi afungashe!" Mwalimu alikuwa amekasirika kweli. "Asiyeweza kunifaa siku ya shida, akatafute pengine pa kulala."

Pancras hakuwa na pengine. Kule alikotoka kulikuwa na vita. Mwishowe akasema atasimama, ila akimaliza aachwe aende zake hapo hapo.

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa. Wanakijiji walikuja, wakimbizi wakaja wote, Afisa Elimu akakaa kwenye kiti chenye mto. Kinyago kilikuwa juu ya meza, kimefunikwa khanga. Mwalimu alieleza habari za mfalme wa Mali anayesimuliwa kuwa aliingia baharini na mashua zake asirudi tena. Alieleza mikondo ya maji na pepo. Watu walipiga miayo. Afisa akafunga faili lake, na mwalimu akaona kazi inamponyoka hivi hivi.

Akavuta khanga. Akamburuta Pancras kutoka nyuma ya mlango wa darasa hadi mezani, na kabla Pancras hajakitazama vizuri kinyago kilichopo, mwalimu akamvika kofia ya chuma aliyoazima kwa mgambo, akaishindilia hadi kwenye nyusi.

Masikini Pancras alisimama wima, visigino pamoja, macho mbele. Hakuthubutu hata kujifuta jasho.

Waliokuwa wameketi walianza kuinuka mmoja mmoja, wazee kwa vijana, na baadhi ya wanaume wakazunguka upande wa njia ya kutokea. Hata Afisa alisimama. Mwalimu Nathanaeli aliwatazama kwa furaha. Nani atamwita Baharia tena?

"Semeni wenyewe!" alipaza sauti. "Hapa mnaona watu wawili, au mmoja?"

"Mmoja," alijibu Bibi Bertila, mke wa Mzee Benedikto. Alikuwa amefika mbele. "Alikuja na askari wa Mreno. Alifunga mlango wangu kwa nje, wajukuu zangu wamo ndani, akatia kiberiti. Mungu akubariki, Mwalimu. Tumemtafuta sana."