Kaya Yenye Ziada

Kila kaya inayopokea posho ya chakula huwekewa kisikilizi ukutani, kifaa kinachonasa kila neno. Anayemkaribisha mgeni mezani huhesabiwa kuwa na ziada, na posho yake hukatwa, isipokuwa aukane mwaliko kabla ya dakika moja kwisha.

Mchana mmoja Salha alikuwa akila na mwanawe Idarusi, jirani yao Bi Mwanjaa akasukuma mlango.

"Hodi. Mbona mnakula kimya kimya, ugali mmeuiba?"

Salha alimwonyesha ukutani. Bi Mwanjaa akaelewa, akageuka kuondoka. Alikuwa amekonda, posho yake ilikatwa mwezi uliopita.

"Bibi, karibu chakula," alisema Idarusi, kama alivyofundishwa tangu alipoanza kuongea.

Kisikilizi kikawaka taa nyekundu.

"Nimeshiba, mjukuu wangu," Bi Mwanjaa aliuambia ukuta. Taa haikuzimika.

"Mama, nimekosea?"

Sekunde zilikuwa zinakwenda.

"Umekosea," Salha alisema kwa sauti. "Chakula hiki ni chetu. Yeye hatumkaribishi."

Taa ikazimika. Idarusi aliivutia sahani kifuani, akaanza kula haraka haraka, huku akimtazama Bi Mwanjaa kama mtu anayemtazama mwizi.