Taja Aliyekupandisha Presha

Nesi Zawena alirudi nyumbani baada ya kufanya kazi saa kumi na nane mfululizo, miguu imevimba. Getini mwa hospitali, alipokuwa akitoka, walinzi walimwashia bangili ya kupima presha mkononi. Wodini huzimwa, kwa kuwa sheria huhesabu presha ya nyumbani tu, na mtu anayempandisha nesi presha huhamishwa kusikojulikana.

Mama yake, Bi Nyamizi, alikuwa amemwekea beseni la maji ya vuguvugu. Akainama kumvua viatu.

"Niache, bwana!" Zawena akafoka.

"Tulia, we mwenye mdomo."

Bangili ikawaka nyekundu na kusema: "Mia moja na tisini. Taja aliyekuudhi."

"Wodi! Wagonjwa hamsini, nesi mmoja!"

"Jibu halikubaliki. Taja mtu wa nyumbani, au kazi huna."

Nyumbani mlikuwa na Bi Nyamizi na mtoto mchanga wa Zawena aliyelala chumbani.

"Nitaje mimi, mwanangu," Bi Nyamizi akasema, akiendelea kumkanda nyayo. "Huyo mdogo atakula nini?"

Zawena akalitaja jina la mama yake. Bangili ikamshukuru, na mlango wa mbele ukajifungua wenyewe. Bi Nyamizi akamkausha mguu wa pili, kidole kwa kidole, ndipo akasimama.