Rangi ya Tone

"Wenzako arobaini wameona bluu iliyokoza, wewe peke yako hukuona kitu," nilimwambia binti mmoja mbele ya darasa. "Macho umeyasahau nyumbani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Daftari lake nilikuwa nimelitia sifuri kwa wino mwekundu.

Hakulia. Alikuja mezani kwangu na kipande cha kiazi katika kisahani. "Samahani, mwalimu. Naomba tutazame pamoja."

Nikadondosha iodini, tone moja. Kiazi kina wanga, na wanga ukiguswa na iodini hugeuka bluu. Ndivyo nilivyofundisha kwa miaka ishirini. Tone lile likatulia juu ya kiazi, angavu kama jasho. Tukangoja. Halikugeuka.

Ndipo nilipokumbuka kwamba chupa ya iodini niliiacha dirishani wiki tatu, juani, bila kizibo. Iodini ilikwisha nguvu. Kumbe wale arobaini waliandika nilichotaka kukisoma, nami nikawapa alama zote. Aliyeandika alichokiona ni huyu mmoja.

"Vipi, mwalimu, imegeuka?" sauti ikauliza kutoka nyuma. "Au huyo kakuambukiza upofu?"

Wakacheka tena. Nikamwomba Mola anisitiri, ilhali ilinipasa nimwombe binti yule radhi.

"Bluu," nikasema, nikakifunika kisahani kwa kiganja.

Binti akachukua rula, akalikata jibu lake daftarini kwa mstari ulionyooka, na chini yake akaandika neno nililolisema.