Maji Machanga

Mwanasiti alirudi na samaki mmoja wa rangi ya chungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Tangi la maji ya chumvi lilikuwa kando ya kitanda cha mumewe, Badi, na ndani mlikuwa na mawe ya matumbawe tu.

"Umemnunua?" Badi aliuliza, pumzi zikimpaa. "Si nilikwambia tangi ni jipya, maji bado machanga? Yatamuua."

"Nataka umwone."

"Na mimi nataka aishi. Mwezi mmoja tu maji yakomae, mke wangu. Vuta subira."

Jana daktari alimwita Mwanasiti pembeni, akamwambia mgonjwa hamalizi mwezi.

Mwanasiti akauelekeza mfuko juu ya maji, vidole vimeshika fundo. Samaki akafumbua mdomo, akafumba, akafumbua. Kitandani, Badi naye vivyo hivyo.