Zipu ya Mgongoni

Zipu ya vazi kavu la kuzamia, lile lisiloingiza maji, iko mgongoni, na anayelivaa hawezi kuifunga mwenyewe. Ndiyo maana pale kwenye bwawa la mlimani, ambalo maji yake huganda kingoni, kulikuwa na mwiko: anayemfunga mwenzake haongei mpaka amalize.

Kocha Mbaruku aliongea. "Maji ya leo yatakung'ata mashavu, Tunu. Mwilini hutapata hata tone."

"Funga kwanza, kocha. Utani baadaye."

"Tayari," alisema Mbaruku, akampiga begani.

Tunu alichuchumaa kama alivyofundishwa, akapenyeza vidole kwenye mpira unaobana shingo, hewa ya ndani ikatoka kwa mluzi. Alipouachia mpira, mluzi ulipaswa kukoma. Ukabaki mwingine, mwembamba, kati ya mabega, penye zipu.

Alisimama. Wazamiaji wa kikosi cha uokoaji walikuwa wakimtazama. Mara mbili alikuwa amevaa akaghairi kuzama. Akighairi ya tatu, nafasi yake kikosini ingepewa mwingine.

"Bibi harusi, leo tena?" aliuliza Dotto, mmoja wao. "Turudishe mahari?"

Wenzake walicheka. Tunu aliingia majini nyuma ya kocha, yakamfika magotini, kiunoni, kifuani. Vazi lilimbana pande zote, na bado alikuwa mkavu. Yalipofika mabegani, uzi wa baridi ulianza kushuka taratibu kwenye uti wa mgongo.

Mbaruku aligeuka, akaelekeza kidole gumba chini: tuzame.

Tunu alitoa mkono majini. Kidole gumba chake kilikuwa kimelala, hakijaelekea chini, wala juu kusema turudi.