Wa Kwanza Ghubani

Sajenti Anselmo Ledesma alikuwa anafunga mbwa kwenye sleji ya kuvutwa barafuni, na Meja Basualdo kasimama nyuma yake akimwambia kwamba akithubutu kuivuka ghuba, cheo atakiacha hukohuko kwenye barafu. Anselmo hakugeuka. Ndani ya nyumba ya kambi ya Waajentina mkewe, Nélida, alilia tena, na mbwa wote wakasimamisha masikio.

Mimba haikuwa imetimia, lakini uchungu ulikuwa umemshika tangu jana. Mtoto wao wa kwanza, kule Salta, alikufa akizaliwa, na Nélida nusura amfuate. Sasa daktari wa kambi alikuwa kateleza ngazini, mkono wa kulia umevunjika, na dawa za maumivu zimemlaza kama gogo. Kwa upepo ule ndege isingetua. Mkunga pekee alikuwa ng'ambo, kwenye kambi ya Wachile.

Hapo ndipo penye ugomvi. Barafu ile Waajentina wanasema ni yao, Wachile nao wanasema ni yao. Haioti hata jani, lakini mwenye nayo ndiye anayezichungulia meli zote zinazopita chini kabisa ya dunia, kutoka bahari moja kwenda nyingine. Kwa mkataba wa mataifa, hakuna ruhusa ya kupigana kule. Basi wakubwa wakaihamishia vita matumboni mwa wanawake: atakayezaliwa wa kwanza ghubani, taifa lake litakuwa na la kusema mbele ya watu. Nélida aliletwa kwa ndege akiwa na mimba. Jina la mtoto nalo lilishafika kwa redio kutoka Buenos Aires: wa kiume Argentino, wa kike Argentina. Mama mtu hakuulizwa.

"Wanawake wanazaa mashambani, sajenti," meja alisema. "Wewe unataka kwenda kuwapigia magoti Wachile?"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anselmo alikaza kamba ya mwisho ndipo akamtazama.

"Na akifa, meja? Utatangaza kwamba sisi ndio wa kwanza kuzika?"

Akapanda. Sleji ikaondoka.

Mkunga wa Wachile aliitwa Edelmira Oyarzún, mwanamke wa visiwa vya Chiloé, mnene, kajizonga makoti mpaka puani. Anselmo alimweleza shida yake palepale mlangoni. Mama yule hakuomba ruhusa kwa mtu. Alimwambia mpishi wao tu kwamba anatoka mara moja, akachukua mkoba wake na kupanda.

Njiani alimtia Anselmo wazimu. Mara mbwa wasimamishwe, mama aende haja nyuma ya mwamba wa barafu. Mara wasimamishwe tena. Mkunga gani huyu, Anselmo alijiuliza, mwenye kibofu cha mtoto mchanga? Kuna mahali aling'ang'ania mbao za sleji, kafumba macho, hasemi neno, mpaka Anselmo akadhani anataka kutapika.

"Polepole, baba," alimwomba.

Polepole ya wapi, na Nélida yuko vile! Anselmo aliwachapa mbwa. Sleji ikarukaruka kwenye matuta ya barafu, chini bahari ikigugumia, na kila ilipodunda mama yule aliguna. Anselmo alimwonea huruma, lakini hakupunguza mwendo.

Meja aliwapokea mlangoni na kikombe cha chai ya majani ya kwao mkononi, uso kaukunja. Asingeweza kumfukuza mgeni kwenye baridi ile, ila kuchokoza alichokoza. Alisema amesikia Wachile nao wana mjamzito wanamficha kule, wanangoja kuwatangulia.

"Hafichwi, meja," Edelmira alijibu, akivua glovu. "Yuko kazini."

Akaingia chumbani kwa Nélida, mkono mmoja ukutani, akafunga mlango. Alisema mwanamume yeyote asiufungue mpaka aitwe, hata paa lianguke.

Wanaume wakajikusanya jikoni. Baada ya muda vilio vya Nélida vilipungua, kisha vikakoma kabisa, na ukimya ule ulimtisha Anselmo kuliko vilio. Aliogopa, tena aliogopa sana. Alimwomba Bikira Maria wa Muujiza wa kwao Salta amwachie mke, na kama hapana budi achukue kingine chochote.

Mara kilio kikapasuka, kizito, cha kutoka tumboni. Anselmo hakuwahi kumsikia mkewe akilia namna ile. Mpishi wa Waajentina alimshika bega, akamwambia uchungu humbadilisha mtu hata sauti. Kilio kikaja tena, na tena. Halafu, jamani, sauti nyembamba ya kitoto.

Meja aliruka mpaka mlangoni, akauliza kwa sauti kama ni wa kiume au wa kike.

"Wa kiume," Nélida akajibu kutoka ndani, wala sauti haitetemeki.

Yu hai. Anselmo akaketi sakafuni akilia mbele ya wenzake bila aibu.

Meja alikuwa keshafika kwenye redio. Alitangaza kwamba Argentino amezaliwa, kwamba mama na mwana hawajambo, kwamba ghuba imepata mwenyewe. Buenos Aires ikajibu kwa vifijo. Matangazo ya mpira yakakatishwa nchi nzima. Jikoni wakafungua mvinyo wa tufaha na kuimba wimbo wa taifa, mpishi akipigia sufuria.

Kisha meja akaweka kofia yake sawa, akachukua bendera ya kumfunikia mtoto, akausukuma mlango wa chumbani. Anselmo alikuwa nyuma yake.

Kitandani alilala Edelmira, nywele zimelowa jasho, kichanga kifuani kinanyonya. Nélida alikuwa amesimama kando yake, mikono ya gauni kaikunja, anasuuza mkasi kwenye beseni, na tumbo lake liko mbele yake vilevile, uchungu umemwachia.

"Funga mlango, meja," alisema. "Mzazi asipigwe na baridi."